Njia ya Baiskeli Nayo ni Njia

Mji wa Kigoma na Ujiji una njia za aina mbili. Ziko zile zilizochorwa katika ramani za Serikali, zenye majina, mitaro na alama. Na ziko zile ambazo hazikuchorwa popote ila ardhini, kwa nyayo za watu na kwa magurudumu ya baiskeli. Hizi za pili ndizo nyingi zaidi. Hupita nyuma ya nyumba za Buzebazeba, hukata mashamba ya mihogo na michikichi, hushuka mabonde na kupanda vilima, na hatimaye hufika ziwani. Leo tunapenda kuzungumza juu ya njia hizi, kwa sababu zinatoweka, na kwa sababu wanaoumia zinapotoweka ni wananchi ambao sauti zao hazifiki upesi mezani pa wapimaji wa viwanja.

Na tuanze na mtu anayezitumia. Mchukuzi wa mawese hufunga madumu matatu ya lita ishirini ishirini juu ya keria, moja kila ubavu na moja katikati, kwa mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu. Lita sitini za mawese zina uzito unaozidi kilo hamsini kidogo. Akiwa mtu wa dagaa, huufunga mzigo wake katika gunia au tenga, nao huwa mpana kuliko usukani. Mwingine amebeba mkaa, mwingine mbao, mwingine mgonjwa. Wote hawa hawana gari, na aghalabu hawana pikipiki. Wanayo baiskeli moja, miguu miwili na njia ya mkato. Ukimwondolea mchukuzi njia ya mkato umemwondolea sehemu ya ujira wake wa siku, kwa kuwa yeye hulipwa kwa mzigo uliofika wala halipwi kwa urefu wa safari.

Jinsi njia inavyokufa twaijua sote. Mwenye kiwanja hujenga ukuta, naye ana haki ya kujenga, maana hati yake haisemi kwamba katikati ya kiwanja palipita watu tangu enzi za babu. Jirani wa pili hujenga wa kwake, wa tatu huziba kwa matofali na mchanga. Baada ya mwaka mmoja njia iliyokuwa ikinyooka hadi mwaloni imekuwa vipande vitatu visivyokutana. Hapo mwenye baiskeli hana budi kutoka hadi barabara ya lami iendayo Ujiji, akasukumane na malori, mabasi madogo na pikipiki, mzigo wake ukiyumba kila apitwapo. Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita nane hivi. Si mbali kwa mtu aliyeketi ndani ya gari. Kwa mtu mwenye kilo hamsini mgongoni mwa baiskeli isiyo na gia, wakati wa magharibi, bila taa, ni safari ambayo mkewe huihesabu mpaka asikie kengele mlangoni.

Hatupingi ujenzi. Mji hauwezi kubaki shamba, na wananchi wanaojenga nyumba za matofali na bati wanafanya jambo ambalo viongozi wao waliwahimiza kulifanya kwa miaka mingi. Tunachosema ni kwamba ujenzi umepata wasimamizi, ilhali njia haikupata hata mmoja.

Katika miaka hii limezuka jambo jingine ambalo limetufanya tuandike sasa badala ya kungoja. Baiskeli za milimani zimeingia nchini kwa wingi, nyingi zikiwa za mitumba kutoka Ulaya na Asia, zenye matairi mapana yenye meno, gia nyingi, na uma wa mbele wenye springi. Vijana wanazipenda. Jioni na siku za mapumziko utawaona wakizipeleka vilimani, si kwa mzigo bali kwa kuusikia upepo na kuupima ujasiri. Wako wazee wanaolalamika kwamba huo ni upuuzi. Sisi hatuoni hivyo. Kijana anayeupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe anajenga mwili na moyo, na mgeni anayekuja kuuona mji wetu akiwa juu ya baiskeli huacha fedha zake kwa muuza chai, kwa fundi na kwa mwenye nyumba ya kulala wageni. Michezo ni kazi njema. Ila kila jambo jema lina utaratibu wake, na utaratibu wa jambo hili umekwisha kujaribiwa kwingine, kwa faida na kwa hasara.

Baiskeli ya milimani haikuzaliwa kiwandani. Ilizaliwa katika vilima vya Marin, jimboni California, nchini Marekani, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli kuukuu zilizoundwa miaka ya 1930 na 1940, nyingi za kampuni ya Schwinn, nzito na zenye matairi manene, wakaziteremsha kwa kasi katika njia za vumbi zilizochongwa kwa ajili ya magari ya wazima moto. Oktoba 21, 1976 walishindana kwa mara ya kwanza katika mteremko mmoja ambao breki za mguu ziliungua grisi yote kabla ya kufika chini. Ikabidi kila mtu aijaze grisi upya, na kwa sababu hiyo mteremko ukaitwa Repack, yaani kujaza upya. Mwaka uliofuata Joe Breeze alitengeneza fremu iliyokusudiwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Baada ya miaka ishirini mchezo huo wa vijana waliokuwa wakionekana wahuni ulikuwa ndani ya Michezo ya Olimpiki, mjini Atlanta, mwaka 1996.

Hayo huelezwa mara nyingi. Lisiloelezwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya vilima vile, kuuzunguka mlima Tamalpais, ni ardhi ya mamlaka ya maji. Ndani yake yamo mabwawa yanayonywesha miji ya Marin, na mojawapo, kwa kichekesho cha majina, huitwa Phoenix, jina lile lile lililoandikwa juu ya fremu ya baiskeli ya Kichina ambayo baba zetu wengi waliimiliki. Basi vijana na baiskeli zao walikutana na wenye maji, na wenye maji walikutana na watembea kwa miguu na wapanda farasi waliokuja kulalamika. Yalikuwa malalamiko ya haki: mtu anatembea na watoto wake kwenye kona, na ghafla chuma kinamshukia.

Mamlaka ile ya maji haikufukuza baiskeli, wala haikuziachia kila kitu. Iliweka mwendo usiozidi maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24, na maili tano tu kwenye kona zisizoonyesha mbele. Kwa miaka mingi iliruhusu baiskeli katika njia pana za wazima moto, na vijia vyembamba ikawaachia waendao kwa miguu. Ubishi haukwisha, na hata katika miaka ya karibuni umeendelea. Lakini jambo la msingi halikubishaniwa: mwenye kuyalinda maji ndiye aliyeketi mbele katika kikao, na mchezo ukaketi nyuma yake.

Nchini Uingereza walifanya jambo rahisi zaidi. Walipolijaza maji bwawa la Rutland katika miaka ya 1970, bonde la mto Gwash likafunikwa, na kijiji kimoja na sehemu kubwa ya kingine vikapotea chini ya maji. Hatimaye ikawekwa njia ya kulizunguka bwawa hilo kwa miguu na kwa baiskeli, ambayo pamoja na rasi yake ina urefu wa kilomita 37 hivi. Waliopoteza ardhi walibakiziwa angalau kitu cha kupita juu yake. Sisi hatuhitaji kwenda Uingereza kulitafuta jambo hilo, kwa kuwa tunalo mlangoni.

Tutazame kaskazini. Maji ya ziwa Kivu hushuka kwa mto Ruzizi na kuingia katika ziwa letu la Tanganyika. Katika ukingo wa Kivu, upande wa Rwanda, iko njia iitwayo Kongo-Naili, yenye urefu wa kilomita 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Hupita mashamba ya kahawa na chai, na vijiji vya wavuvi, na hutumiwa na watembeao na wapandao baiskeli. Njia hiyo kwa sehemu kubwa ni ile ile ya wananchi: watalii huipita asubuhi, wanafunzi saa ya shule, na wachukuzi kutwa nzima. Mwaka 2005 alifika Rwanda Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wale wa mwanzo wa baiskeli za milimani huko California. Aliwaona wakulima wakibeba kahawa kwa baiskeli za mbao na za chuma kilichochoka. Badala ya kuwaletea mchezo peke yake, alibuni baiskeli ndefu ya kubebea mzigo ili kahawa mbichi ifike kiwandani kabla haijaharibika. Mwaka 2006 yalifanyika mashindano ambamo hata baiskeli za mbao zilikuwa na nafasi yake. Miaka sita baadaye Adrien Niyonshuti wa Rwanda aliibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London na kushindana katika baiskeli za milimani. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika.

Twayataja haya si kwa kuwasifia majirani tu. Twataka msomaji aone mpangilio wake: mzigo wa mkulima na medali ya mwanamichezo viliwekwa katika njia moja, wala hakuna aliyemwambia mkulima asubiri.

Jirani mwingine anatupa fundisho lenye uchungu. Barabara ishukayo Bujumbura kutoka milima ya Bugarama imejulikana kwa vijana wanaoteremka na mikungu ya ndizi kwa kasi ya kutisha, na wanaporudi hujishikiza nyuma ya malori ili yawavute kupanda. Wengi wamekufa. Wale hawakuchagua ujinga. Walikuwa na mlima mmoja, barabara moja, na ndizi ambazo zingeoza. Hawakuwa na njia ya pembeni. Machi 2022 Serikali ya Burundi ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, kwa hoja ya usalama barabarani. Hatuingilii uamuzi wa nchi nyingine. Lakini kila mji ambao haukuzitengea baiskeli njia huja siku ukaziona kuwa ni kero, na dawa ya kero siku zote huwa ni kufukuza. Tunaogopa siku hiyo isije Kigoma.

Sasa turudi kwetu. Wenzetu wa Marin na wa Rutland walichimba na kuzuia mito ili wapate bwawa. Sisi tumepewa bwawa ambalo hakuna aliyelichimba: lenye urefu wa kilomita 673, na kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kuliko pote. Linazidiwa kina na ziwa Baikal la Urusi peke yake. Nchi nne hulitumia, Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, na mji wetu hunywa maji yake. Kwa hiyo kila kilima kinachotazama ziwa kutoka Kibirizi hadi Bangwe, na kutoka Bangwe hadi Ujiji, ni ukingo wa bwawa la kunywa. Lipo pia bwawa dogo la Katubuka, ambalo halina mto wa kulitoa maji, na ambalo mvua zikizidi huvifuata vitanda vya watu majumbani. Udongo unaoshuka na mvua una mahali pawili pa kwenda: Katubuka au ziwani.

Hapa ndipo mchezo, mzigo na maji hukutana, nasi tungependa kupakalia hapo kwa kitambo.

Njia ya baiskeli hufa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ukuta, tumekwisha kuisema. Ya pili ni maji. Mtu akiteremka mlima moja kwa moja, gurudumu lake huacha ufuo mwembamba. Mvua ya kwanza ya Novemba huuona ufuo huo na kuufanya mtaro. Wapandaji huona mtaro, wakahama pembeni, wakaacha ufuo wa pili. Mvua ya Desemba huuchukua nao. Kufikia Aprili njia iliyokuwa na upana wa hatua moja imekuwa na upana wa hatua sita, na katikati yake korongo linaloweza kumeza ndama. Udongo wote uliokuwa humo uko ziwani. Pikipiki zimeharakisha kazi hiyo, maana tairi lake husukumwa na mashine, nalo huchimba linapopanda. Lakini hata baiskeli peke yake, ikiachiwa mteremko wa kunyooka, huifanya kazi hiyo hiyo kwa miaka michache zaidi.

Mafundi wa njia za milimani wana kanuni mbili ambazo mtu yeyote mwenye jembe anaweza kuzifuata. Kanuni ya kwanza ni kuukata mlima kwa ubavu, na mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe. Ukizidi, maji huacha kuivuka njia na kuanza kuifuata. Ya pili ni kwamba kwa wastani njia isipande zaidi ya mita kumi katika kila mita mia moja ya mwendo. Kisha huulaza ukingo wa chini wa njia kidogo tu kuelekea bondeni ili maji yavuke na kwenda zake, na kila baada ya hatua kadhaa huifanya njia ishuke na kupanda kidogo, kama mgongo wa samaki, maji yasipate mbio. Hakuna saruji humo, wala mkandarasi. Ni jicho, kamba, jembe na mawe.

Ajabu ni kwamba wachukuzi wetu wa zamani waliijua kanuni hiyo bila kufundishwa na mtu. Angalia njia kongwe zinazopanda kutoka ukingoni: huzunguka, huukumbatia mlima, hufanya safari kuwa ndefu na pumzi kuwa fupi. Ni zile mpya, za vijana wenye haraka na za pikipiki, ambazo hushuka kama jiwe lililotupwa.

Wataalamu waliochunguza ziwa hili wameonyesha kwamba udongo unaoletwa kutoka vilima vilivyokatwa miti hufunika miamba ya ukingoni ambamo samaki wadogo wa rangi nyingi hula na kuzaliana, na mahali hapo aina za viumbe hupungua. Ziwa limekwisha kuonyesha kwamba lina shida zake. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike na kuongezeka. Mchukuzi wa dagaa alikuwa amezoea kupumzika siku za mbalamwezi tu, kwa kuwa taa za wavuvi haziwaiti dagaa mwezi unapong'aa. Safari ile alipumzishwa miezi. Mwaka huo huo, kama ilivyokuwa mwaka 2020 na 2021, maji ya ziwa yalipanda na kuingia katika makazi na mialo, kwetu na kwa majirani zetu wa Bujumbura na Uvira. Ukingo tuliodhani ni wa kudumu ulihama.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa shughuli za kudumu za binadamu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru uhifadhi. Wengi wanaijua sheria hii kwa sababu moja tu: imewahi kumbomolea mtu nyumba. Sisi twaiona pia kwa jicho lingine. Mita sitini ambazo haziwezi kujengwa nyumba si lazima ziwe jalala. Kijia chembamba cha udongo, kilichokatwa kwa kanuni tuliyoitaja, chenye miti kila upande, si nyumba wala kiwanda. Kikipimwa vyema na wataalamu wa mazingira wakakikagua, kinaweza kumpitisha mchukuzi asubuhi, mwanafunzi mchana, na kijana mwenye baiskeli ya gia jioni, na kikawa mpaka unaoonekana kwa macho baina ya mji na maji. Anayetaka kujenga ukingoni atalazimika kwanza kuziba njia ya watu mia mbili mbele ya macho yao, na hilo ni gumu kuliko kung'oa bikoni usiku.

Tuseme neno pia juu ya adabu ya njia, kwa kuwa njia bila adabu ni uwanja wa vita. Chuoni tulifundishwa, tukiwa bado tumekaa mkekani na ubao magotini, kwamba aliyepanda ndiye aanzaye kumsalimu aendaye kwa miguu, na aendaye humsalimu aliyeketi. Baadaye, katika shule za Serikali, tulifundishwa sheria za barabarani, upande wa kushoto na ishara za mkono. La kwanza ndilo limetufaa zaidi vilimani. Kijana anayelazimika kumsalimu mama mwenye ndoo kichwani hana budi kupunguza mwendo, maana salamu haitoki vyema kwa kasi ya kilomita arobaini. Asiye na mzigo ampishe mwenye mzigo. Anayeshuka amngoje anayepanda, kwani aliyesimama katikati ya mwinuko na kilo hamsini hawezi kuanza tena ila kwa kusukuma. Hizi si sheria za Marekani.

Na baiskeli zenyewe? Hapa tuna maoni ambayo huenda yakawaudhi vijana. Zile za milimani za mitumba ni nzuri kwa mtu mwepesi asiyebeba kitu. Kwa kazi, mafundi wetu wa chini ya mwembe hupata shida nazo: hazina mahali pa kufungia keria, springi ya mbele huchoka na kulegea, na gia zikiharibika vipuri havipatikani, hivi kwamba aghalabu fundi huzing'oa zote na kuacha meno mamoja. Baiskeli nyeusi ya Phoenix, pamoja na uzito wake na breki zake za fito ambazo hulia mvua ikinyesha, bado hubeba mzigo kwa utulivu zaidi. Taifa hili liliwahi kuwa na kampuni yake ya baiskeli, NABICO, na walio na umri wetu wanaikumbuka. Hatusemi kiwanda kile kifufuliwe kwa maneno ya gazetini. Twasema kwamba nchi iliyowahi kuiona baiskeli kuwa chombo cha taifa haina sababu ya kuitazama leo kama aibu ya maskini. Hata neno bodaboda, ambalo siku hizi pikipiki zimelitwaa lote, lilikuwa la baiskeli za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960. Na katika harakati za kudai uhuru, makada wengi wa TANU walifika vijijini kwa baiskeli, na waliomfuata katika kazi hiyo bwana shamba na katibu kata walifanya vivyo hivyo, wakipita njia hizi hizi tunazoziziba.

Ujiji yenyewe ni zawadi ya njia. Burton na Speke walipofika hapa Februari 1858, na Stanley alipomkuta Livingstone Novemba 1871, walifika kwa kijia cha mguu kilichotoka pwani, Bagamoyo, kilichokanyagwa na wapagazi na, kwa huzuni, na watumwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 ikauvuta mji upande wake, na njia ile ikaanza kusahauliwa. Miembe iliyoufuata msafara ingalipo Ujiji, na njia kuu hiyo ya misafara imependekezwa na Tanzania kwa UNESCO tangu mwaka 2006 iwe katika orodha ya urithi wa dunia. Wageni huja kuuona mnara wa Livingstone na kurudi garini. Wangefika kwa baiskeli chini ya miembe ile, wangejua kilichowaleta wale wa kale, na wangejua pia uzito wake.

Tunayoyaomba hayahitaji fungu kubwa la fedha. Halmashauri ya Manispaa, kabla ya kupima viwanja vipya, na iwatume wapimaji wapite kwa miguu pamoja na maofisa watendaji wa mitaa na wachukuzi wawili watatu, wazichore njia zilizopo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia kwa manufaa ya umma, kwa hiyo hakuna anayeombwa kubuni jambo jipya. Njia ikiishapimwa ina hatua mbili za upana. Kiwanja hakitapungua kiasi cha kumliza mwenyewe. TARURA, ambayo tangu mwaka 2017 imekabidhiwa barabara za mijini na vijijini, iziandike hata kama haiwezi kuzitengeneza, maana kilichoandikwa huulizwa. Na pale ambapo vijana watataka njia ya mchezo yenye miruko na kona, wapewe kilima kimoja kilicho mbali na chanzo cha maji, wakikate wenyewe kwa usimamizi, na wakitunze wenyewe.

Kazi ya kwanza inaweza kuanza kabla ya mvua. Njia zinazoshuka kutoka Buzebazeba zina sehemu ambazo mtaro umekwisha kuanza, kina chake bado ni kifupi kuliko goti. Hapo hutosha kupanga mawe kukingama, kila baada ya hatua kumi, na kuigeuza njia ubavuni. Watu kumi na wawili wenye majembe humaliza kilima kimoja kwa asubuhi moja ya Jumamosi, na mawe yenyewe yako pale pale njiani, yakiwavunjia watu spoku.